Kilio cha Vieux

Jumamosi ile soko la mtaa wa Kenya, mjini Lubumbashi, lilifurika hadi watu wakawa wanakanyagana vidole, na mbele ya meza ya muuza nyama Hortense alikuwa akigombania mifupa. Alivaa kitenge cha rangi ya chungwa alichokishona mwenyewe, kimembana kiunoni kiasi kwamba wanaume wa kwenye foleni walisahau walichokuja kununua. Yeye hakuwa na habari nao.

"Apana, hii ni mifupa bule," alisema. "Vieux meno yake inaisha. Unipe yenye iko na nyama ya laini, akule bila kuteseka."

"Tantine, Vieux yako anachagua sana!" muuza nyama alisema.

"Iko na haki ya kuchagua. Ni muzee."

Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, na viatu vya ncha vilivyong'aa ingawa vumbi jekundu la mji lilikuwa limewashinda wengine wote. Jina lake Élie, wakala wa forodha, maisha yake nusu Lubumbashi, nusu mpakani Kasumbalesa. Mwaka uliopita alimzika baba yake, na maneno ya yule msichana yalimwingia. Alichukua fungu la nyama laini alilokwisha kukatiwa, akalitia kwenye kikapu cha Hortense.

"Mupelekee Vieux. Umuambie ni Élie njo anatuma."

Hortense aligeuka, akamtazama toka viatu hadi nywele, akacheka mpaka hereni zikatikisika. "Kweli? Hii yote ya Vieux?"

"Ya Vieux. Muzee hapaswe kula mifupa."

Penzi lilianza pale, na lilianza kwa kosa. Vieux alikuwa mbwa. Mbwa wa kahawia wa miaka kumi na mitatu, mwenye mvi mdomo mzima, ambaye Hortense alimlea tangu akiwa mwanafunzi. Lakini Lubumbashi nzima, ukisema "Vieux", yaani mzee, bila kuongeza neno, watu wanajua unamsema baba yako. Élie alimpenda binti anayemhangaikia baba yake asiye na meno. Hortense alimpenda mwanaume anayemtumia mbwa nyama na salamu. Wakapeana namba za simu.

Miezi miwili walizungumza kila asubuhi, Hortense akiwa kwenye cherehani yake, simu ameibana kwa bega.

"Chérie, Vieux anaamuka namna gani?"

"Anaamuka muzuri, lakini anakohoa."

"Umupe maji ya moto na miel."

"Miel! Asali! Élie, utamuharibu huyu."

"Muache aharibike. Anabakiza miaka ngapi?"

Siku nyingine Hortense alimwambia, "Jana sikukuita juu nilikuwa nasafisha. Vieux alikojoa mu salon ya nyumba, kwenye tapis, ile zulia."

"Usimugombeze, unasikia? Hata papa yangu mbele ya kufa alikuwa hivyo. Umupanguse pole pole, umuambie ni kintu ya bule."

Hortense aliishika simu kwa mikono yote miwili. Wanaume aliowajua kabla ya huyu walimpiga mbwa teke wakidhani yeye haoni. "Weye uko muntu wa namna gani, Élie?"

"Muntu wako. Siku moja nitakuya kumusalimia."

"Atakunusa kwanza."

"Anuse tu. Nitapaka parfum."

Walicheka wote wawili, kila mmoja kwa sababu yake. Hortense hakumficha kitu. Hakujua kwamba kuna kitu cha kusema. Na Élie hakuweza kuja kujionea, maana kijana mwenye adabu haingii lupango, yaani ua, la baba wa msichana kabla ya siku ya kujitambulisha. Siku hiyo ilikwisha kupangwa: Jumamosi, saa tisa, pale nyumbani Katuba, yeye na mama yake na wazee wawili. Suti ilikuwa tayari. Gauni la Hortense lilibaki pindo tu.

Jumanne ya wiki hiyohiyo Vieux alianguka.

Jana yake alikuwa amekula na kubweka. Asubuhi Hortense alimkuta amelala ubavu chini ya cherehani, fizi nyeupe pe, na mkojo wake sakafuni mweusi kama chai iliyochacha. Alimwita, na mkia haukutikisika. Mama yake Hortense alifia hospitali wakati yeye yuko darasani, hakuna aliyekumbuka kumwita, na tangu hapo alijiapia jambo moja: siku ya Vieux ikifika, atakufa kichwa chake kikiwa mikononi mwa Hortense. Hakuomba zaidi ya hilo. Alimbeba kilo ishirini na tano zote mpaka barabarani. Taksi tatu zilikataa. Ya nne ilikubali kwa sharti afunikwe kitenge hadi usoni, wapita njia wadhani ni mgonjwa.

Kule Golf, mtaa wa matajiri, ambako mbwa huja kwa daktari na dereva wao, Docteur Mbuyi alimbonyeza tumbo, akatazama damu yake, akavua miwani.

"Ni ugonjwa ya kupe. Piroplasmose. Inakula damu yake tangu siku mingi, weye hauoni. Nitamupiga sindano siku tano. Lakini muzee hivi, Mama, siwezi kukudanganya."

"Anaweza kupona?"

"Anaweza. Anaweza pia kufa leo."

Alirudi naye nyumbani, akamlaza kwenye chumba cha mbele, akampigia Élie aliyekuwa mpakani katikati ya malori.

"Élie! Vieux anaenda kufa!"

"Unasema nini?"

"Docteur anasema damu inaisha mu mwili! Mukojo ni meusi tii! Élie, miye nitabakia na nani..."

Mtandao wa mpakani ukakata hapohapo. Élie hakupoteza dakika. Alimpigia mama yake akamwambia akimbie Katuba, aende badala yake, asimwache mtoto wa watu alie peke yake. Kisha akafungua sanduku la gari, akatoa suti nyeusi aliyomzikia baba yake, akabadili nguo nyuma ya lori.

Mama Élie hakuwa mwanamke wa kufanya jambo nusu. Saa nane mchana alifika na wenzake sita wa kwaya, wote na kitenge kimoja cha parokia. Kabla hajabisha hodi getini alisikia sauti ya msichana ndani: "Vieux, usiniache! Vieux yangu, fungula macho!" Hakuhitaji kuuliza zaidi. Alivua kilemba, akajitupa chini.

"Yooo! Tata Casimir weee! Unatuacha na nani!"

Na wale sita wakapokea. Kilio ni kilio; mtaani kwetu hakuna anayesimama kando. Majirani walimiminika, huyu na kiti, yule na sufuria kubwa, na mmoja akaanza kukata matawi ya kuweka barabarani ili magari yajue kuna msiba. Nusu ya barabara ilikuwa inamlilia Papa Casimir, mstaafu wa reli, baba yake Hortense, ambaye wakati huo alikuwa bafuni nyuma ya nyumba na sabuni kichwani.

Alitoka na taulo kiunoni na povu masikioni.

"Nani anakufa?"

Mama Élie alimtazama marehemu toka juu hadi chini, akazimia, na safari hii hakuwa anaigiza. Kisha mtu mmoja akachungulia chumba cha mbele, akamwona Vieux na Hortense aliyemkumbatia, akapiga kelele: "Ni imbwa! Banalilia imbwa!" Kicheko kilipasuka, kikapita nyua nne, na watoto wakaanza kubweka barabarani. Ndipo gari la Élie lilipofunga breki getini, naye akashuka na tai nyeusi.

Walimweleza wote kwa pamoja. Aliwasikiliza, akaenda mpaka mlangoni, akamtazama mbwa, akamtazama Hortense.

"Huyu njo Vieux?"

"Élie, weye ulijua..."

"Miel ilikuwa ya huyu?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miye nilikuwa nasali juu ya huyu? Kila dimanche, mu kanisa, nasema Mungu umuchunge Vieux?"

"Uliona mifupa! Uliniona natafuta mifupa!"

"Nilizani ni ya supu, Hortense!"

Wangeweza kucheka. Siku nyingine, mahali pengine, wangecheka mpaka wakaketi chini. Lakini mama yake alikuwa anapepewa kwenye mchanga, mtaa mzima ulikuwa unamwonyesha kidole tai yake, na Papa Casimir hakuwa anacheka. Mzee aliketi kwenye kiti kimoja cha vile vya msiba, povu linamkauka shingoni. Alifanya kazi ya reli miaka thelathini na tano bila kuogopa kitu, lakini sasa alikuwa amesikia jina lake likililiwa.

"Kilio inaanza," alisema. "Inaanza na jina yangu. Munazani itarudia bule? Itatafuta muntu. Ile machozi yote iende na nani? Na miye?"

"Papa, ni makosa tu," Hortense alisema.

"Nyamaza. Banasema banalilia Vieux? Muzuri. Vieux ni yule pale. Yeye njo mwenye kilio. Afe leo, mbele ya jua kuanguka, bantu bakwende kwao." Kisha alimgeukia Élie. "Ni weye njo uliniletea kilio ndani ya lupango. Ni weye njo utaimaliza. Ukiimaliza, samedi mulango iko wazi. Ukikatala, nisikuone tena hapa."

"Docteur anasema anaweza kupona!" Hortense alilia. "Papa, ni sindano ine tu inabakia! Élie, umuambie!"

Hakuna aliyemtetea, hata wale wanawake wa kwaya. Mmoja alisema mzee ana haki, mwingine akasema mbwa mwenyewe kwanza ameshachoka. Élie alilegeza tai yake.

"Ninasikia, Papa," alisema.

Alimwinua Vieux na kitenge chake, akambeba mpaka kwenye gari. Hortense alimshika mkono wa koti, akamwita chéri, akamwambia mbwa ni yeye mwenyewe, akamwita majina ambayo sitayaandika hapa. Akaomba angalau aende naye, amshike kichwa tu, dakika moja. Wanawake wanne walimzuia. Vieux alifungua jicho moja nyuma ya kioo, na gari likaondoka.

Saa kumi na moja Élie alirudi. Alikuwa na kitenge kile mkononi, kimejaa udongo mwekundu. Alimpa Papa Casimir mbele ya Hortense.

"Kilio inaisha," alisema.

Mzee alikishika kitenge, akashusha pumzi, akaomba chakula. Hortense alisogea mpaka mbele ya Élie, karibu kama mtu anayetaka kubusu.

"Mikono yako isiniguse tena maisha yote," alisema, akamtemea mate kwenye lile shati.

Asubuhi yake simu iliita. "Hortense, unisikilize, Vieux..."

"Usitaje ile jina!" Akakata, akaifunga namba. Élie alipiga kwa namba nyingine, na nyingine, na kila mara alianza na neno lilelile, na kila mara Hortense alikata palepale. Jumatano hiyo alikuja mpaka kwenye duka la kushonea ambako Hortense alifanya kazi mchana. Hortense aliteremsha mlango wa chuma mbele ya pua yake na kuwaambia mafundi wenzake, kwa sauti ya kusikika barabarani, kwamba nje amesimama muuaji. Élie alitazama huku na huku. Ndugu wawili wa Papa Casimir waliuza mikate ng'ambo ya barabara, na jambo alilotaka kusema halikuwa la masikio yao. Aliondoka.

Ijumaa alituma barua. Hortense aliipokea, akaona mwandiko, akaitumia kuwashia makaa ya pasi. Kwa pasi hiyo alinyoosha gauni lake la Jumamosi, akaliuza kwa mteja wa kwanza aliyeliulizia.

Jumamosi hakuja mtu. Papa Casimir alinenepa. Alikula vizuri, akalala vizuri, akawaambia majirani kwamba tangu mbwa yule aondoke hata goti lake limeacha kuuma. Hortense alimpikia na hakumsemesha.

Siku ya nane, Jumatano asubuhi, simu iliita kwa namba aliyoijua.

"Mama Hortense? Ni Docteur Mbuyi. Samahani nikusumbue mu kazi. Ni juu ya Vieux."

"Docteur, Vieux alikufa."

"Nani anakuambia? Niko naye hapa, anapumua. Lakini figo zinakatala tangu jana, anateseka sana. Bwana Élie aliniambia mwenye imbwa ni weye, yeye hana ruhusa. Nakuita nikuulize: nimulalishe, asiamuke tena?"

Sindano ya cherehani ilikuwa bado inashuka na kupanda, mguu wa Hortense umesahau kuacha kukanyaga, na ilishona moja kwa moja mpaka ukingo wa nguo ya watu.

"Allô? Mama?"

"Muko wapi?"

"Kwa Bwana Élie. Mu mtaa ya Annexe, njia ya Kasapa. Haukujua?"

Pikipiki ilimfikisha akiwa na tepu ya kupimia shingoni. Kilikuwa chumba kimoja na ua wa mihogo. Godoro la Élie lilikuwa sakafuni, na juu ya godoro, kwenye shuka safi, alilala Vieux, amebaki mbavu. Élie alikuwa ameketi ukutani na fulana, ndevu za wiki, macho mekundu. Hakusimama.

Mbwa alisikia hatua. Sikio moja likainuka. Mkia ukapiga godoro mara moja, ukatulia, ukapiga tena.

"Vieux," Hortense alisema, akapiga magoti. "Vieux, miye huyu."

Docteur Mbuyi alitoka nje kuwapa nafasi. Élie alizungumza akitazama ukuta.

"Ile siku nilimupeleka moja kwa moja kwa Docteur. Kikwembe, kile kitenge, nilikipangusa mu udongo, Papa yako aone. Nilizani nitakuita kesho yake nikuambie. Sindano ya pili na ya tatu, vile vile tu. Ya ine, anasimama. Anakula. Samedi anatembea mpaka ku njia, anaikala pale. Kila mwanamuke mwenye kupita na viatu ya talons, ya visigino virefu kama yako, anasimama kumuangalia. Ikiwa haiko weye, anaikala tena. Nilikuwa namuambia, anakuya, Vieux, anakuya. Dimanche vile vile. Lundi anaanza kutapika."

"Élie..."

"Nilikuita mara kumi na moja. Niliandika."

Hortense aliziba mdomo kwa tepu ile ya kupimia. Alilia kwa sauti mbaya, ya mtu anayetapika. Siku mbili Vieux alikuwa mzima, akitembea, akimngoja barabarani, na yeye alikuwa nyumbani akimchukia mtu aliyemponyesha.

Vieux alitetemeka, akatoa sauti nyembamba ambayo hajawahi kuitoa. Docteur alirudi na sindano.

"Mama, nangoya weye useme."

Alikichukua kile kichwa chenye mvi, akakiweka mapajani. Kilikuwa chepesi mno. "Ndiyo," alisema. Alimshika masikio, akamwambia maneno ya kipuuzi aliyomwambia alipokuwa mtoto, na Vieux alimtazama hadi mwisho. Ilikuwa saa nne kasoro. Walimzika nyuma ya mihogo, Élie akichimba.

Kisha Élie alimrudisha Hortense Katuba kwa gari. Papa Casimir alikuwa getini, akamwona kijana, akafungua mikono.

"Mukwe wangu! Mulipatana? Kuya, uingie, ile samedi haikupotea!"

"Papa," Hortense alisema, "Vieux alikufa leo. Saa ine ya asubuhi."

"Leo?"

"Élie hakumuua. Alimutunza. Siku nane yote Vieux alikuwa anapumua, Papa. Siku nane. Na weye haukukufa."

Mikono ya mzee ilibaki hewani. Alijishika goti, akaingia ndani.

Hortense alimgeukia Élie, akashika mlango wa gari. "Kuya samedi. Tafazali. Nitamusemesha, atakubali. Nitashona robe ingine. Élie, nilikosa, ninajua, unisamehe."

"Ninakusamehe."

"Basi kuya."

Élie hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Hortense.

"Miye nilipoona ni imbwa, nilichokozeka, ndiyo. Lakini mu njia, nikiwa na ile imbwa ku kiti ya nyuma, nilisema: ni ule ule roho nilipenda ku soko. Haibadilike. Weye, ile dakika Papa yako alisema nimuue, uliniangalia, na uliisha kuamini. Miezi mbili ya sauti yangu kila asubuhi. Haikukamata hata dakika tano."

"Nilikuwa na uchungu!"

"Ninajua. Ulinifikiria muuaji mbio sana, Hortense. Siku ingine ukiwa na uchungu, utanifikiria nani?"

"Élie, nakupenda."

"Na miye nakupenda," alisema, akaondoa vidole vya Hortense mlangoni kimoja kimoja, polepole, kama alivyomfundisha kumpangusa Vieux. Akawasha gari.

Hortense alifungua namba yake siku ileile na kuipiga. Iliita mpaka ikachoka. Asubuhi iliyofuata, saa ile waliyozoea, aliweka simu kwenye cherehani, sauti juu, akakaa bila kushona. Ndani ya nyumba Papa Casimir alianza kukohoa, akaita apelekewe maji ya moto na asali.